Kisanduku Kitupu cha Kazi 417

Saa mbili na robo asubuhi, Inspekta Adelard Ndunguru aliweka vitu vitatu juu ya meza ya Najma: kijitabu chake cha upelelezi, karatasi moja iliyochapwa kwa mashine, na bahasha ya kielelezo iliyofungwa kwa lakiri. Kisha akavuta kiti, akaketi bila kuegemea.

"Shikamoo, afande. Nikuletee chai?"

"Marahaba. Chai haitakuwa na nafasi. Shauri linatajwa saa nane mchana. Tumebakiwa na saa sita kasoro robo."

Najma alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Yeye ndiye aliyeijenga na ndiye aliyeitunza tovuti ya Karakana Moja, ambayo kwayo wakazi wa Dar es Salaam waliagiza vitanda, meza na makabati kwa mafundi seremala wa Keko. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja Mwananyamala, juu ya duka la vitenge, na feni iliyokuwa darini ilizunguka kwa kusitasita.

Adelard aliisogeza ile karatasi mbele yake. "Unaitambua?"

"Naitambua. Mie ndiye niliyeichapa."

"Isome kwa sauti."

"Kazi 417. Kabati la nguo, milango mitatu. Mteja, Bi Felicitas, Kunduchi. Fundi, Badru." Najma aliinua macho. "Afande, mlinipigia simu Ijumaa, saa kumi jioni. Mkasema mnataka jina la fundi aliyekwenda kwa yule mama. Nikawapa."

"Mimi ndiye niliyepiga simu. Na mimi ndiye niliyetia saini hati ya kumkamata."

Bi Felicitas, mwalimu mstaafu aliyeishi peke yake, alikutwa amekufa siku ya Alhamisi katika chumba chake cha kulala, pembeni ya kabati lililokuwa limeungwa nusu. Alikuwa amepigwa kichwani kwa nyundo. Kasha la vito vyake halikuonekana. Mlinzi wa nyumba ya jirani alimwona fundi mmoja akiingiza milango ya kabati, amevaa kofia na barakoa ya vumbi la mbao. Zaidi ya hapo hakuona kitu. Karatasi ya Najma ilimtaja Badru. Alama za vidole vya Badru zilijaa ndani ya kabati. Jumapili asubuhi askari walimkamata nyumbani kwao Mtoni, alipokuwa akitoka katika chumba cha fungate, siku ya saba ya ndoa yake. Tangu siku hiyo zilikuwa zimepita siku kumi na sita, naye alikuwa katika mahabusu ya Keko, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwenye karakana yake.

"Jana mke wake alikuja kituoni," alisema Adelard. "Jina lake Najat. Amesema mambo mawili. La kwanza, Badru alilitengeneza kabati lile kabla ya harusi, kwa hiyo alama za vidole vyake lazima ziwemo. Hilo lingenijia kichwani mwenyewe kama ningefikiri. La pili ndilo lililonileta hapa. Amesema mtu akiwa fungateni, wenzake humshikia kazi. Je, tovuti yako inajua jambo hilo?"

Najma aliiangalia karatasi, kisha kompyuta yake.

"Inajua," alisema.

"Basi nieleze jinsi ulivyolipata jina hili. Hatua kwa hatua."

Najma aliugeuza uso wa kompyuta ili wote wawili wauone. Alifungua ukurasa wa kazi za Keko, kisha akafungua chini yake dirisha la amri, mahali ambapo mtu huandika maneno na ukurasa ukamjibu.

"Ukurasa wa tovuti, afande, ni visanduku ndani ya visanduku. Kisanduku kikubwa ni kazi. Ndani yake kuna kisanduku cha mteja, na cha fundi. Ndani ya fundi kuna jina lake. Sasa ukitaka kitu, unakiita kwa lebo yake. Mie siku ile nilikuwa na haraka. Nikaifungua kazi 417 peke yake, nikaandika hivi."

Aliandika:

document.querySelector(".jina").textContent

"Maana yake?"

"Nitafutie kisanduku chenye lebo ya jina, unisomee kilichomo."

"Kimoja tu?"

"Kimoja."

"Kama viko viwili?"

"Kinakuja cha kwanza. Inasoma kutoka juu kwenda chini, ikikutana na cha kwanza inasimama. Haisemi kama kuna kingine."

Adelard aliandika maneno hayo katika kijitabu chake, akayapigia mstari. "Na katika kazi ambayo fundi ameshikiwa, kinakuwepo kingine?"

"Kinakuwepo." Sauti ya Najma ilishuka. "Ndani ya kisanduku cha fundi kuna kisanduku kingine kidogo kinaitwa badala. Na ndani ya badala kuna jina la yule aliyekwenda kweli. Lakini la mwenye kazi linatangulia. Siku zote linatangulia. Kazi ni yake."

"Kwa hiyo ni sawa na askari aliyeingia katika nyumba yenye wapangaji, akauliza kwa mlango wa mbele, akamkamata wa kwanza aliyeitika."

"Ndiyo, afande."

"Ilhali aliyetafutwa yumo chumba cha uani."

"Ndiyo."

Adelard alivunja lakiri ya bahasha. Ndani yake mlikuwa na flashi. Alimwonesha Najma hati ya makabidhiano, akamtaka aandike tarehe, saa na jina lake kabla ya kuigusa.

"Marehemu alikuwa na tabia ya kuhifadhi kila kitu," alisema. "Alihifadhi ukurasa wake wa oda katika kompyuta yake mpakato Alhamisi ileile, saa sita na dakika arobaini mchana. Fundi aliingia saa nane. Hii ni nakala; kompyuta yenyewe iko stoo ya vielelezo. Ufungue ukurasa huu. Safari hii tusiwe na haraka."

Ukurasa ulifunguka. Juu kulikuwa na salamu, "Karibu tena, Bi Felicitas." Chini yake kulikuwa na picha ya kitanda, na chini zaidi picha ya kabati la milango mitatu. Najma aliandika:

document.querySelector(".badala .jina").textContent

Jibu lilitoka papo hapo. Talha.

Najma aliziba mdomo kwa mkono. "Talha! Afande, namjua Talha. Mbona kijana mpole vile?"

Adelard aliinua simu yake. Kidole chake kilikuwa kimekwisha kuifikia namba ya kituo aliposita. Aliirudisha simu mezani, uso wake chini.

"Jina hili umelitoa katika kisanduku kipi?"

"Cha badala."

"Cha badala cha kazi ipi? Mama huyu ana kazi mbili katika ukurasa huu. Hapa ni kitanda. Pale ni kabati."

Najma alitazama alichoandika. Alifumba macho kidogo.

"Nimerudia yaleyale," alisema. "Nimeomba cha kwanza."

"Inawezekana kukiuliza kisanduku kinaishi ndani ya kazi gani?"

"Inawezekana. Unapanda kwenda juu badala ya kushuka."

Aliandika:

document.querySelector(".badala .jina").closest(".kazi").id

Jibu lilikuwa kazi-409.

"Kitanda," alisema Adelard.

"Kitanda. Cha wiki mbili kabla. Bakari aliumia kidole na patasi, Talha akaenda badala yake." Najma alivuta pumzi. "Nusura tumfunge na wa pili."

"Nusura mimi nimfunge. Wewe hufungi mtu. Sasa shuka ndani ya kazi 417, usiguse nyingine yoyote."

Najma aliandika polepole, kila alama akiitaja kwa mdomo, na Adelard akinakili katika kijitabu:

document.querySelector("#kazi-417 .badala .jina").textContent

Alibonyeza. Chini ya mstari ule zilitokea alama mbili za usemi, ya kufungulia na ya kufungia. Katikati yake hapakuwa na kitu.

Feni ilikwaruza darini. Adelard alisubiri, kama kwamba mashine ilikuwa bado inafikiri.

"Hakuna?" aliuliza.

"Kipo, afande. Kingekuwa hakipo ingeandika kwamba hakipo. Kisanduku cha badala kipo, sehemu ya jina ipo. Haina maandishi."

"Talha aliandikwa. Kwa nini huyu hakuandikwa?"

Najma aliinamisha kichwa. Alikuwa akijikuna ukucha kwa ukucha.

"Kwa sababu Talha alimshikia mgonjwa. Huyu alimshikia mtu aliye fungateni. Fungate ina sheria yake."

"Sheria ya nani?"

"Ya mzee Mwishehe, pale Keko. Wakati natengeneza tovuti aliniketisha chini. Akaniambia, binti, mtu akiwa fungateni kazi yake inabaki kwa jina lake, na mteja asijue kama kaenda mwingine, ili bwana harusi asije akarudi akakuta mteja kahamia kwa mwenzake. Na siku akitoka, jina la aliyemshikia lifutwe. Isije siku mmoja akamwambia mwenzie, unakumbuka nilikufanyia kazi ulipokuwa unaoa. Akasema hiyo ni aibu, haisemwi. Mie nikaona ni utu mzuri kabisa. Nikaandika hivyo hivyo. Kwa mteja jina halionekani. Kwetu linaonekana mpaka fungate iishe. Ikiisha, linafutwa."

"Nani huiambia mashine kwamba fungate imekwisha?"

"Mzee. Anabonyeza 'amerudi' kwenye simu ya karakana."

"Kwa Badru alibonyeza lini?"

Najma alitafuta kwenye kumbukumbu za mfumo. "Jumapili. Saa kumi na mbili na dakika nane asubuhi."

Adelard alirudi nyuma katika kijitabu chake hadi ukurasa wa siku za mwanzo. "Na mimi nilikupigia simu Ijumaa, saa kumi jioni."

"Ndiyo."

"Siku ile, katika kompyuta hii, jina lilikuwapo."

Machozi yalimtoka Najma bila sauti. "Lilikuwapo, afande. Lilikuwa mistari mitatu chini ya lile nililokupa. Ningeandika neno moja zaidi tu, neno moja, badala, lingetoka."

"Nakala za akiba?"

"Tunazo. Zinakaa siku kumi na nne, halafu zinajifuta kupisha mpya. Ya mwisho yenye jina lile..." Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena. "Ilifutika Jumamosi hii iliyopita."

"Siku tatu."

"Siku tatu."

Adelard alimpa kalamu na karatasi za maelezo ya shahidi, akamwambia aandike yote aliyoyasema, kwa mpangilio uleule, bila kujitetea na bila kujilaumu. Najma aliandika kurasa nne. Ilipotimu saa tano kasoro dakika kumi alitia saini kila ukurasa.

"Hii itamtoa?" aliuliza.

"Hii inaonesha kwamba palikuwa na mtu mwingine. Sasa nakwenda kumtafuta aliye na kumbukumbu isiyojifuta."

*

Karakana ya mzee Mwishehe ilikuwa imejipanga kando ya barabara, vitanda visivyopakwa rangi vikiwa vimesimamishwa kama milango isiyokuwa na nyumba. Harufu ya mninga ilikuwa nzito. Randa zilinyamaza moja baada ya nyingine Adelard aliposhuka garini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kiti hicho kimekauka, hakina vanishi."

Mwishehe alikuwa na miaka sabini na kitu, kofia ya kiua kichwani, penseli juu ya sikio. Adelard aliketi.

"Mzee, Alhamisi ile Badru alikuwa fungateni. Nani alikwenda Kunduchi na kabati?"

"Sijui."

"Wewe ndiye mkuu wa karakana."

"Ndiye. Na sijui. Kazi za aliye fungateni naziandika kwenye vikaratasi, naviweka juu ya benchi lile, natoka nakwenda kuswali. Nikirudi vikaratasi havipo. Aliye na nafasi kachukua. Sitazami, siulizi. Baba yangu alifanya hivyo, na mie nafanya hivyo."

"Lakini aliyechukua alijiandika kwenye tovuti."

"Kwenye simu ya karakana, ile pale imetundikwa. Lazima ajiandike, la sivyo haioneshi njia ya kwenda kwa mteja. Anaandika, anasoma njia, anairudisha. Mie simu ile najua kubonyeza kitufe kimoja tu."

"Cha 'amerudi'."

"Hicho."

Adelard aliiweka kalamu juu ya goti. "Mzee, askari wangu walifika hapa Jumamosi. Kwa nini hamkuwaambia kwamba Badru alikuwa ameshikiwa kazi?"

Mzee Mwishehe alionesha kando ya barabara kwa kidole. "Askari wako walisimama pale, hawakutoa hata salamu. Wakauliza neno moja: Badru anakaa wapi? Tukawaambia, Mtoni. Tulidhani wanataka kumwagiza kitu. Laiti wangeuliza nani kaenda Kunduchi, siku ile ningewapa simu wakasoma wenyewe. Jumapili alfajiri nimeamka, nimebonyeza mwanangu karudi. Saa mbili naambiwa kakamatwa."

"Waliokuwa na nafasi Alhamisi ni akina nani?"

"Wanne. Talha, Bakari, Farhan na Daniel."

"Niitie mmoja mmoja."

Aliwahoji nyuma ya rundo la mbao, kila mmoja peke yake. Talha alikuja kwanza, vumbi la msasa likiwa limemganda hadi kwenye kope.

"Alhamisi ulichukua kikaratasi?"

"Nilichukua, afande. Meza ya watu wa Mbagala. Ilikuwa ya Badru pia."

"Nani anaweza kuthibitisha?"

"Mwenye meza, sijui jina lake. Na jina langu kwenye kazi ile limefutika, si ndo mambo ya mzee."

Bakari alionesha kidole chake kilichofungwa kitambaa. "Mie hata nyundo nilikuwa siishiki vizuri, afande. Nilipeleka viti viwili Tandika. Kabati la milango mitatu ningelibebaje?"

"Ulilibeba na nani?"

"Afande, sikulibeba! Usinitege bwana."

Farhan alisema alipeleka kitanda cha mtoto Yombo. Alijibu kabla swali halijamalizika, na alipotakiwa kurudia alirudia kwa maneno yaleyale. Adelard aliandika jambo hilo. Daniel, aliyetokea Mbeya na ambaye sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kifua chake, alisema alibaki karakana akipiga msasa.

"Nani alikuona?"

"Wote walikuwa wametoka. Mzee alikuwa msikitini. Nilikuwa peke yangu, afande. Najua linavyosikika."

"Ulimwona nani akichukua kikaratasi cha Kunduchi?"

"Hatuangalianagi. Ukiona mwenzio anachukua, unageuka ukutani. Ndivyo tulivyofunzwa hapa."

Wanne. Wote walikuwa na nyundo, kofia na barakoa za vumbi. Barakoa zilinunuliwa kwa katoni moja na kutundikwa kwenye msumari mmoja. Wateja wa Mbagala, Tandika na Yombo, walipopigiwa simu, walikumbuka fundi mwenye kofia na barakoa, si uso. Vidole vyao wote vilikuwa vimeligusa kabati lile, kwa kuwa siku lilipopakwa rangi walilihamisha wote kulikwepesha na mvua. Vibanda walimolala vilipekuliwa na askari wake wakati wa mahojiano, kwa hati halali. Kasha la vito halikupatikana. Simu ya karakana, Adelard alipoifungua kwenye kazi 417, ilionesha jina moja tu, na jina hilo lilikuwa Badru.

"Mzee," alisema akifunga kijitabu, "utaratibu wako umemficha muuaji."

"Nimelijua hilo tangu uliposhuka garini." Mwishehe aliondoa penseli sikioni, akaitazama kama kitu alichookota. "Nao umemweka mwanangu ndani. Nilimfundisha randa akiwa na miaka kumi na minne. Niambie nifanye nini, mwanangu, nitafanya. Nimtaje nani? Nikikutajia mmoja kati ya wale, nitakuwa nimekisia. Wewe ulikwisha kukisia mara moja."

Adelard alisimama, akampa mkono. Ilikuwa saa saba kasoro.

*

Wakili wa Serikali alimsikiliza katika ukumbi wa nje wa mahakama, akisoma maelezo ya Najma huku amesimama.

"Inspekta, hapa una kisanduku kitupu."

"Nina kisanduku kinachothibitisha kwamba kazi ilishikwa na mtu mwingine."

"Kinathibitisha kwamba mashine iliandaa nafasi. Nani aliijaza? Hujui. Seva haina. Nakala za akiba hazina. Shahidi wako ni yuleyule aliyetoa karatasi ya kwanza na sasa anaikana. Na mshtakiwa, utetezi wake wa kutokuwepo unatoka kwa nani?"

"Mke wake na somo wa mke wake, mama aliyewahudumia ndani. Fungateni hawaingii watu wengine."

"Umeona sasa." Wakili alimrudishia karatasi, bila ubaya. "Sikatai kwamba unasema kweli. Nitalipeleka jalada ofisini kwa ushauri pamoja na maelezo haya. Leo siwezi kuliondoa shauri la mauaji kwa sababu ya alama mbili za usemi."

"Itachukua muda gani?"

"Unajua inavyochukua."

Najat alikuwa ameketi karibu na mlango wa chumba cha mahakama, hina ya harusi ikiwa imebakia rangi ya machungwa kwenye ncha za vidole. Mapajani mwake alishika kifuko chenye kanzu iliyopigwa pasi. Alisimama alipomwona Adelard.

"Shikamoo, afande. Nimemletea nguo ya kutokea. Uliniambia leo utakuja na kitu."

"Marahaba. Nimekuja nacho. Hakijatosha."

"Umejua kwamba siye yeye?"

"Nimejua."

"Wewe, uliyemkamata, umejua?"

"Ndiyo, mama."

Najat alikikunja kifuko mara mbili, akakishika kwa mikono yote miwili. "Basi nani mwingine anatakiwa ajue?"

Karani aliita shauri.

Badru aliingizwa kizimbani. Alikuwa amekonda, na nywele alizonyolewa kwa ajili ya harusi zilikuwa zimeanza kuota bila mpangilio. Wakili wa Serikali alisimama.

"Mheshimiwa, shauri limekuja kwa ajili ya kutajwa. Upelelezi haujakamilika. Tunaomba tarehe nyingine."

Hakimu aliinua macho. "Mpelelezi yupo?"

"Nipo, Mheshimiwa," alisema Adelard. "Ninaomba mahakama ipokee taarifa kwamba leo asubuhi nimepata maelezo yanayoonesha kuwa mshtakiwa huyu hakuwa..."

"Inspekta." Hakimu hakupaza sauti. "Shauri hili ni la mauaji. Mahakama hii haina mamlaka ya kulisikiliza, haina mamlaka ya kupokea ushahidi wake, na haina mamlaka ya kumpa mshtakiwa dhamana. Hata yeye mwenyewe hatakiwi kujibu neno. Umepeleka maelezo hayo panapohusika?"

"Yamepelekwa, Mheshimiwa. Dakika ishirini zilizopita."

"Basi yatafika. Shauri litatajwa tena baada ya siku kumi na nne. Mshtakiwa arudishwe mahabusu."

Adelard alibaki amesimama kitambo, kisha akaketi kwa kuwa hapakuwa na jambo jingine ambalo mtu aliyesimama angeweza kulifanya.

Badru aliteremshwa kizimbani. Alipofika usawa wake, alisita, na askari magereza akamruhusu kusita.

"Afande. Najat kaniambia unamtafuta aliyenishikia. Umempata?"

"Nimepapata mahali alipokuwa. Yeye mwenyewe sijampata."

Badru aliitikia kwa kichwa, kama fundi anayeambiwa kwamba mbao hazijafika. Kisha akatazama nyuma ya chumba na uso wake ukafunguka. Katika benchi la mwisho, wakiwa wameacha kazi na kuja na gari la mizigo la karakana, waliketi mzee Mwishehe na mafundi wake: Talha, Bakari, Farhan na Daniel, wote wamenawa nyuso, wote wamevaa mashati safi.

"Ahsanteni, ndugu zangu," aliita Badru. "Nilikuwa sijapata nafasi ya kusema. Mmenishikia kazi yangu, Mungu awalipe."

Mzee Mwishehe alifunika macho kwa kiganja. Mafundi wanne hawakujibu neno, kwa maana katika karakana yao shukrani hiyo haijibiwi. Waliinamisha vichwa pamoja, kwa kimo kimoja, na wakaviacha vimeinama mpaka mlango wa mahabusu ulipofungwa.

Adelard aliwatazama kutoka mwanzo wa benchi hadi mwisho wake, kisha kutoka mwisho hadi mwanzo. Karani aliita shauri lililofuata.